Muji uliotoka jikoni mwa mama



Mwezi huu tunaenda mbali. Tunaenda Rochester, muji wa Marekani, kaskazini ya jimbo la New York, karibu na ziwa kubwa la Ontario. Usiulize bei ya ndege: tutatembea kwa mawazo tu, kisha tutarudi nyumbani na kazi ya mikono. Rochester ni muji wa filme, ile filme ya picha nyeusi na nyeupe ambayo wazee wetu walipigwa nayo picha za ndoa. Na sisi watu wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi tuko na sababu zetu za kuutazama muji ule kwa macho mengine kuliko wageni wengine. Utaona.

Simama kwanza katikati ya muji, pale muto Genesee unaangukia. Maporomoko yale yanashuka karibu metre 29, pale pale kati ya majumba. Zamani mayi yale yalizungusha mawe ya kusaga ngano, na watu waliuita muji wa unga. Ukigeuza shingo unaona jumba la orofa 19, la mwaka wa 1914. Ndiyo jumba la kampani ya Kodak. Baridi ikifika, theluji inakuja kutoka upande wa ziwa na kufunika yote. Sisi tunalalamika baridi ya mwezi wa sita, kule wangetucheka.

Lakini Kodak haikuanzia kwenye jumba refu. Ilianzia jikoni. Katika miaka ya 1870 kulikuwa kijana mumoja, George Eastman, karani wa banki. Baba yake alikufa wakati yeye alikuwa mutoto bado, na mama yake, Maria, alipokea wapangaji ndani ya nyumba ili watoto wapate kula. Muchana George alihesabu feza za watu kwenye banki. Usiku alikoroga gelatini na chumvi ya feza ndani ya sufuria, karibu na jiko la mama yake, akitafuta namna ya kupaka vioo vya picha ambavyo vitakaa vikavu bila kuharibika. Mara nyingine alichoka sana, akajifunika blanketi na kulala pale pale chini karibu na jiko. Mwaka wa 1880 alianza kuuzisha vioo vyake. Mwaka wa 1881 akaacha banki.

Kisha ikaja ile apareyi ya mwaka wa 1888, ya kwanza kuitwa Kodak. Ilikuwa na filme ndani tayari, ya picha 100, na bei yake dola 25. Ukimaliza picha, ulituma apareyi nzima Rochester pamoja na dola 10. Kule walifungua, wakaosha filme, wakatoa picha, wakatia filme mupya na kukurudishia. Tangazo lao lilisema: wewe bonyeza tu, mengine tutafanya sisi. Ni neno zuri. Tena ni neno la kufikiria sana, sababu siku ile akili ya kuosha filme iliondoka nyumbani mwa watu ikaenda kukaa kwenye kampani.

Na kampani ilikomaa kweli. Kaskazini ya muji, tangu mwaka wa 1891, walijenga kiwanda kilichofikia zaidi ya hektari 500, na reli yake, kurani yake, wazima-moto wake. Baba alifanya kazi pale, kisha mutoto, kisha mujukuu. Mwaka wa 1982 Kodak ilikuwa na wafanyakazi karibu 60.000 ndani ya Rochester na pembeni yake. Sisi hatuhitaji kuelezewa kampani ya namna ile. Sisi wana wa kampi, tuliokula posho, tuliozaliwa kwenye hospitali ya kampani na kusoma kwenye masomo ya kampani, tunaelewa bila kutafsiriwa. Tunaelewa pia mwisho wake. Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400.000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka wa 1994 ilitoa tani kama 30.000 tu, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kwa mara moja. Kule Rochester majumba kadhaa ya kiwanda yaliangushwa kwa baruti mwaka wa 2007, watu wakisimama kutazama vumbi, na mwezi wa kwanza wa mwaka wa 2012 kampani iliomba ulinzi wa tribinali juu ya madeni. Haikufa kabisa. Filme ingali inatoka pale, lakini kwa mikono ya watu wachache.

Kuko jambo lingine linalotuunganisha na muji ule, na wengi hawalijui. Mwaka wa 1945 hospitali zilianza kulalamika kwa Kodak: filme za radiografi zinatoka na madoa meusi. Mutu wa fizika wa kampani, Julian Webb, alifuata alama ile mupaka kwenye karatasi nzito za kufungia filme, zilizotengenezwa kwa majani makavu kwenye kiwanda cha Vincennes, jimbo la Indiana, kando ya muto Wabash. Mayi ya muto yalikuwa na vumbi la bomu ya kwanza, ile iliyojaribiwa katika jangwa la New Mexico tarehe 16 mwezi wa saba 1945. Na uraniumu ya kazi ile, sehemu kubwa ilitoka wapi? Shinkolobwe, karibu na Likasi. Fikiri kidogo: jiwe limechimbwa na baba zetu, limevuka bahari, limekuwa moto katika jangwa, upepo umelibeba, mvua imeliangusha mutoni, na mwisho filme ndani ya boksi imeliona, wakati serikali ilikuwa bado inaficha mambo. Filme haiwezi kufichwa kitu.

Basi, majumba yameanguka. Ni nini ilibakia ambayo mutu anaweza kubeba mukononi? Formula. Na sasa tuingie jikoni.

Filme ni plastiki iliyopakwa gelatini, na ndani ya gelatini kuko punje ndogo sana za chumvi ya feza. Mwangaza ukigusa punje, inapata alama ambayo jicho haliwezi kuona. Ndipo unaleta dawa ya kufunua. Wafaransa wanaiita revelateri, na ni jina sawasawa, sababu picha imekwisha kuwa pale, dawa inafunua tu. Inatafuta punje zilizoguswa na kuzigeuza kuwa feza kamili, nyeusi. Zile hazikuguswa inaziacha. Mwana wa Katanga asishangae: ni ndugu ya kazi iliyoanza Lubumbashi mwaka wa 1911 ndani ya tanuru la kwanza, kuondoa oksijeni kwenye jiwe ili shaba itoke. Watu wa kemia wanaita kazi zote mbili kwa jina moja. Tofauti ni kwamba hapa hauhitaji moto, wala bomba refu la moshi. Unahitaji kopo.

Dawa ya kwanza inaitwa D-76. Kodak iliitangaza mwaka wa 1927 kwa watu wa sinema, na haikuficha vipimo. Chukua mayi ya moto kama digrii 50, mililita 750. Yeyusha ndani metol gramu 2, kisha sulfiti ya sodiumu gramu 100, kisha hidrokinoni gramu 5, kisha boraksi gramu 2. Ongeza mayi ya baridi mupaka ifike litri 1, funga vizuri, na ngoja mupaka kesho. Fuata utaratibu ule: ukitanguliza sulfiti yote, metol inakataa kuyeyuka. Metol na hidrokinoni ndizo zinafanya kazi ya kufunua, moja ikimupa mwenzake nguvu. Boraksi inaamsha dawa polepole. Sulfiti inalinda dawa isiharibiwe na hewa, na tena inalamba pembeni ya kila punje, ndiyo maana picha za D-76 ziko laini, hazina muchanga-muchanga. Metol inawashisha ngozi ya watu wengine, basi vaa mipira ya mikono. Na sufuria iliyopimiwa dawa isirudi tena kwa bukari, hata kama imeoshwa mara kumi.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwenye giza kamili (usiku, chumba bila dirisha, blanketi mulangoni) unazungusha filme juu ya gurudumu lake na kuifunga ndani ya tanki nyeusi ya kuosha filme. Jizoeze kwanza muchana na filme iliyokwisha kuharibika, mupaka vidole vijue njia bila macho. Tanki ikifungwa unatoka kwenye mwangaza, na yote inayobakia unaifanya juu ya meza. Hapa niseme wazi jambo moja linalonipendeza: kazi hii haihitaji kurani. Wakatae, wasikatae, filme itatoka.

Kinachohitajika ni termometri na saa. Dawa iwe na digrii 20. Filme ya Tri-X, ile ile inayotengenezwa mupaka leo kule Rochester, inakaa ndani ya D-76 nzima kama dakika 7. Ukichanganya dawa na mayi nusu kwa nusu, inakaa kama dakika 10. Mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi au Kolwezi, mayi ya asubuhi yanaweza hata kuwa baridi kupita. Mwezi wa kumi mambo yanageuka. Kwa digrii 24 wakati unapungua karibu sehemu moja ya tatu, na ukiusahau, picha itakuwa nyeusi kama makaa. Ni vizuri kusimamisha chupa ndani ya beseni ya mayi baridi. Pindua tanki polepole dakika ya kwanza, kisha mara chache kila dakika.

Dawa ya pili haikutoka Rochester. Ilitoka Berlin, Ujerumani, kwa Agfa, kwa mikono ya Momme Andresen, mwaka wa 1891, na jina lake ni Rodinal. Ni muzee kuliko sinema, na ingali inafanya kazi. Inakuja kama mayi mazito. Unachukua kidogo tu, sehemu 1 kwa mayi 25, au 50, au hata 100, unatumia mara moja na kumwaga. Chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa miaka bila kufa, jambo zuri kwa sisi ambao hatuoshi filme kila wiki. Lakini haina sulfiti ya kutosha ya kulamba punje. Basi inaacha kila punje na meno yake: picha inakuwa kali, mikunjo ya uso wa muzee inaonekana yote, na muchanga unaonekana pia. Kwa sura ya fundi mwenye jasho ni uzuri mutupu. Kwa bibi-arusi, mimi ningeacha. Kuko vijana wanaotengeneza ndugu yake kwa vidonge vya paracetamol na soda kostike ya sabuni. Inawezekana kweli, lakini sitoi vipimo hapa. Mama zetu wanaopika sabuni wanajua soda ile inafanya nini kwa jicho, na dawa inayotoka ni sumu.

Ya tatu inaturudisha Rochester, na inatupitisha kwetu. Mwaka wa 1995 mwalimu wa kemia Scott Williams na wanafunzi wake, kwenye Rochester Institute of Technology, walitafuta kitu cha kila nyumba kinachoweza kufunua filme. Walikipata ndani ya kikombe: kahawa ya unga, ile inayoyeyuka, pamoja na soda ya kufulia. Jina lilikuwa Caffenol. Usidanganywe na jina, kafeini haifanyi kitu. Ni asidi zingine za kahawa zinazofanya kazi ya metol. Baadaye wengine waliongeza vitamini C. Vipimo vinavyotumiwa sana ni hivi, kwa litri 1: soda ya kufulia kavu gramu 54, vitamini C kavu gramu 16, kahawa gramu 40, dakika 15 kwa digrii 20. Kama soda ya kufulia inakosa, chukua bikarbonati ya keki, uikaange kwenye chuma kavu au foru kwa digrii 200 hivi, ukiigeuza-geuza, saa moja. Inatoa hewa na mvuke, na uzito unapungua zaidi ya sehemu moja ya tatu. Kinachobakia ndiyo soda yenyewe.

Na kahawa gani? Ile ya bei ndogo, yenye robusta nyingi, ndiyo nguvu. Arabika nzuri ya Kivu uwaachie wanywaji. Robusta ni mutoto wa misitu yetu. Mwisho wa karne ya 19 mbegu zake zilitolewa Congo zikapelekwa Brussels, na kutoka pale mupaka Java, zikaenea dunia. Basi dawa hii ya wanafunzi wa Rochester iko na damu ya kwetu ndani yake. Harufu yake, lakini! Kahawa na soda pamoja zinanuka vibaya, nyumba nzima itakuuliza. Picha zinatoka na rangi kidogo ya kikahawia na ukungu kidogo, lakini sura ziko. Tumia kwanza filme ya majaribio, picha za muti na za ukuta. Filme ya ubatizo wa mutoto usiitie ndani ya kahawa kama haujaizoea. Ubatizo haurudiwi juu ya mupiga picha.

Hapo ndipo kuko uzito wa jambo lote hili. Filme ni moja, kuosha ni mara moja. Dawa uliyochagua, na dakika ulizohesabu, zitaamua mujukuu ataona nini. Sisi tuko na shida yetu ya kila Siku ya Mungu: kwaya iko inje, saa sita, nguo nyeupe, sura nyeusi. Mupiga picha mwenye haraka anapima mwangaza wa nguo, na sura zinakuwa shimo. Hakuna dawa duniani, ya Berlin wala ya kahawa, itakayofunua punje ambayo mwangaza haukuigusa. Basi pima mwangaza wa sura, si wa nguo. Fungua apareyi zaidi, hata nguo ikizidi. Kisha, jikoni, punguza wakati wa dawa kama sehemu moja ya tano, na utumie D-76 iliyochanganywa nusu kwa nusu. Sehemu za kivuli zinatoka mapema ndani ya dawa. Sehemu nyeupe zinaendelea kukomaa mupaka mwisho. Ukikata mwisho ule, mikunjo ya nguo inabakia na sura inabakia. Kampani haikuweza kukufanyia hii. Ilikuwa na filme ya watu elfu kwa siku moja. Haikujua kwamba mama yako alivaa nyeupe.

Rochester iliona mutu aliyejua bei ya sura iliyotoka vizuri. Frederick Douglass, muntu mweusi aliyetoroka utumwa, alikaa muji ule tangu mwaka wa 1847 na kuchapisha gazeti lake pale. Picha zake zilizohesabiwa ni kama 160, na wanasema hakuna Mumarekani wa karne ile aliyepigwa picha kumupita. Alifanya makusudi. Wachoraji wa wakati ule walichora watu weusi vile walipenda wao; apareyi ilimuonyesha vile alivyo, macho yakiwa mbele, koti ikiwa safi. Kaburi lake liko Rochester, makaburi ya Mount Hope.

Tumalize kazi ya tanki. Mwaga dawa ya kufunua, suuza na mayi, kisha tia dawa ya kukaza, fiksateri. Hii ni tiosulfati ya sodiumu, gramu 200 hivi kwa litri, dakika 10. Inaondoa chumvi ya feza yote iliyobakia, na kutoka hapo filme inaweza kuona jua. Kwa ile hakuna mupango wa jikoni wa kutegemea. Chumvi ya kula iliyo nyingi sana inaweza, lakini ni mambo ya saa nyingi na mashaka mengi. Mayi ya kuosha yakiwa ya shida, si lazima robine imwagike nusu saa: kwa fiksateri isiyotiwa alumu, jaza tanki, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga.

Fiksateri iliyotumiwa usiimwage kwenye bustani ya lengalenga wala karibu na kisima, iko na feza ndani. Itie kwenye ndoo ya plastiki na zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Chuma kinayeyuka, feza inashika mahali pake, sawa vile shaba inashikaka kwenye vyuma vya zamani.

Tundika filme pahali pasipo na vumbi, na kibanio cha nguo chini ili isijikunje. Ikikauka, ikate vipande vya picha sita sita. Ukikosa mwenye kutoa picha kwenye karatasi, weka kipande mbele ya sikrini nyeupe ya telefone moja, na upige picha yake kwa telefone ingine, kisha ugeuze rangi. Lakini kipande chenyewe ukitunze ndani ya bahasha ya karatasi, si ya plastiki ya soko, na kabla ya kukiingiza andika juu ya bahasha: nani amesimama, nani amekaa, kampi gani, mwaka gani.